Wiki za Mwezi kwenye Mchanga wa Kadidja

Mwalimu Kezia husikika kabla ya kuonekana. Unakuwa umeinamia beseni lako la nguo, unasikia kicheko kinatoka kwa jirani, na unajua bado una nafasi ya kukausha mikono na kumtolea kiti. Akifika anasalimia watoto kwanza, kila mmoja kwa jina lake, halafu kuku, halafu wewe. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, na mara nyingi ana kipande cha chaki alichokisahau kwenye nywele. Wanawake wa mtaa wetu hapa Rumonge wakikiona hawamwambii. Wanasema siku akikitoa hatutamjua.

Alizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, kama nilivyozaliwa mimi, ila alinitangulia kwa miaka mingi. Akiwa msichana alikuwa tayari anafundisha watoto wadogo kanisani, nyimbo na herufi. Watu walipoanza kurudi Burundi, alirudi na mdogo wake Yonasi, magodoro mawili na sufuria moja kubwa. Kirundi chake kilikuwa cha nyumbani tu, cha kuomba chumvi na kufukuza mbuzi. Akaambiwa kwamba akitaka kufundisha hapa lazima ajue Kirundi cha kitabu na Kifaransa. Basi akarudi darasani, mtu mzima, akakaa benchi moja na wasichana waliomwita shangazi. Alipopata kazi, watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wakimrekebisha maneno, naye anawashukuru, "Murakoze, walimu wangu," anafuta ubao, anaandika upya.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini alimkosea binti yangu. Alimkosea kwa sababu alimwona kama yeye mwenyewe.

Binti yangu anaitwa Schékinah. Jina alipewa na baba yake, Lukeba, ambaye ni mtu wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, Kongo, na hapa kwetu anafanya kazi kwenye mitumbwi ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Schékinah alianza kuongea mapema na hajanyamaza tangu siku hiyo. Anaongea Kirundi na wenzake, Kiswahili cha Kongo na baba yake, Kiswahili changu na mimi, na akitaka kutuchekesha anaigiza wanawake wa sokoni wanavyogombea bei, mkono kiunoni, mpaka jirani anafikiri kuna ugomvi kweli. Lakini mweke mbele ya kitabu. Mtoto yule yule anakuwa kama amefungiwa nje ya nyumba yake. Anasema kichwa kinauma. Anaomba kwenda msalani. Anasoma neno juu ya ukurasa, akilikuta tena chini halijui, kama vile hawajawahi kuonana. Mwaka wa pili alirudia. Alipofika mwaka wa tatu, akaingia kwa Mwalimu Kezia.

Mwezi wa kwanza haujaisha, Mwalimu akaja nyumbani, akasalimia kuku, akakaa.

"Mama Schékinah," akasema, "shida ya huyu mtoto naijua. Ni lugha. Nyumbani mnaongea Kiswahili, shuleni anakuta Kirundi. Mimi mwenyewe niliteseka hivyo hivyo. Ongeeni Kirundi nyumbani. Kirundi tupu. Utaona."

Hakuna aliyeshangaa. Kwenye pwani hii, mtoto wa waliorudi akishindwa kusoma, kila mtu anasema ni Kiswahili. Mwalimu anasema, padri anasema, hata muuza mandazi anasema. Mimi nikaamini. Nikapitisha sheria jioni ile ile: Kirundi tupu, kuanzia mlangoni.

Aliyeumia ni Lukeba. Kirundi cha mume wangu ni *amahoro* ya salamu, *murakoze* ya kushukuru, na majina ya samaki. Siku ya kwanza alionyesha chumvi kwa kidole. Siku ya pili alitaka kuniambia kwamba shati lake la kanisani limechanika, akaleta shati, akaonyesha tundu, akapiga kifua, akaketi. Schékinah alikuwa anacheka mpaka anajishika tumbo.

"Papa, sema *ndagomba*!"

"Ndagomba," anasema Lukeba.

"Unataka nini?"

Anafikiri, anatafuta, anakosa. "Ndagomba... ndagala."

"Ndagala ameisha, Papa. Kuna maharage."

"Ndagomba ile."

Basi akahamia nje. Nikamkuta asubuhi moja amekaa na kuku, anawaeleza kwa Kiswahili habari zote za ziwani, upepo, taa iliyogoma, kapiteni aliyelala. Nikamuuliza mbona amevunja sheria. "Sheria ilisema watu," akanijibu. "Kuku haikuwataja."

Mwalimu Kezia alitukuta hivyo hivyo Jumamosi moja, Lukeba nje na kuku, sisi ndani na Kirundi chetu. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Halafu Schékinah akaanza kumsimulia habari za kiboko aliyepanda kutoka ziwani na kula majani ya viazi vya jirani yetu. Alisimulia kwa Kirundi. Aliweka sauti ya jirani, sauti ya mume wa jirani aliyejificha chooni, hata pumzi za kiboko. Nilikuwa nakaanga, nikaona kicheko cha Mwalimu kinapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. Alikuwa anamtazama mtoto kama mtu aliyeweka ufunguo mahali na sasa hauoni.

"Huyu," akasema polepole, "Kirundi chake ni kizuri kuliko changu."

Akatoa kitabu cha shule, akakifungua ukurasa wa mbuzi. Schékinah akasoma vizuri, bila kukwama, kidole kinatembea. Nikafurahi. Mwalimu akageuza ukurasa, mahali pana picha ya ng'ombe. Schékinah akaendelea na mbuzi.

"Schékinah. Mbuzi wako wapi hapa?"

Mtoto akatazama picha. "Wameenda malishoni, Mwalimu."

Alikuwa amekariri ukurasa mzima kwa masikio, kwa kuwasikia wenzake. Mwalimu akatoa kwenye mkoba kitabu kingine, cha Kiswahili, cha hadithi za watoto. Akamwonyesha mstari mmoja mfupi. Schékinah akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama pale pale. B ikawa d, neno refu akalikatia katikati akamalizia kwa kubahatisha. Ilikuwa sawasawa na Kirundi. Machozi yakaanza kumkusanyikia.

Mwalimu akafunga kitabu, akamvuta kwake. "Basi, mama. Wewe hujakosa kitu. Nimekosea mimi." Akageukia mlangoni. "Baba Schékinah! Ingia ndani, ongea unavyotaka. Haikuwa lugha."

Lukeba akaingia kama mtu aliyetoka kifungoni, akaongea mpaka chakula kikapoa.

Tukajua sasa kwamba si lugha, lakini tulikuwa bado hatujui ni nini. Wakati huo muhula ukaisha, na buletini ya Schékinah ikaja na alama nyekundu juu mpaka chini. Siku ile hakuigiza mtu yeyote. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba na mkoba wake. Lukeba alimfuata, akakaa naye muda mrefu, kisha akarudi kwangu.

"Scovia," akasema, na akiniita kwa jina ujue ni neno zito, "miye sitaki mutoto wangu achekwe kila siku. Mwaka huu amalize. Akifeli tena, anaenda Kigwena kwa mama yako. Kule iko michikichi, atajifunza kukamua mawese, atakuwa mama wa biashara. Haiko azabu. Ni kumupumzisha."

Sikuweza kumkasirikia, maana hakusema kwa ubaya. Mama yangu huko Kigwena anampenda mjukuu wake na anahitaji mtu. Lakini nilimjua mwanangu. Nilijua kwamba akiondoka shuleni kwa aibu, aibu ile itaondoka naye mpaka Kigwena na kukua kuliko michikichi.

Baada ya sikukuu, walimu wakaitwa kwenye semina mjini. Mwalimu Kezia alitusimulia mwenyewe yaliyotokea. Mwezeshaji alisema kuna watoto wenye akili nzuri kabisa, wanaosikia vizuri na kuona vizuri, lakini kichwa chao kinachelewa kufunga herufi na sauti yake. Si uvivu, si macho, si lugha, wala hawajarogwa. Kwa Kifaransa inaitwa disileksi. Akasema mara nyingi iko kwenye ukoo; akasema wanachanganya herufi, wanakariri ili kujificha, wanachoka upesi, na wengi wao ni hodari kwa mikono na kwa mdomo. Pale Mwalimu Kezia akasimama bila kuitwa akapaza sauti:

"Yonasi!"

Semina nzima ikageuka kumtafuta Yonasi mlangoni.

"Nikakaa chini," alituambia, "nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mwezeshaji akafikiri nina malaria."

Yonasi ni yule mdogo wake aliyerudi naye. Anaishi Kabonga, kule kusini karibu na mpaka, ni fundi wa mota za mitumbwi, na hakuna mota asiyoweza kuifufua. Utotoni walimchapa kwa kila neno aliloshindwa, mpaka siku moja akatoka darasani kupitia dirishani na hakurudi. Kezia alikuwa akimfundisha nyumbani kwa ukali, akidhani anamsaidia. Hilo alilisema kwa sauti ndogo, mara moja tu, halafu akaniuliza kama nina ndoo isiyotoboka.

"Ya nini, Mwalimu?"

"Ya shule."

Alikuwa amejifunza kwamba mtoto kama huyu haingizi herufi kwa macho peke yake. Lazima aiguse, aitembee, aitamke, aisikie, na acheze nayo hadi imzoee. Kidogo kidogo, kila siku, bila kumharakisha na bila kumcheka. Darasani ana watoto wanaobanana mpaka mlangoni; hapakuwa na nafasi ya kutembea juu ya herufi. Alihitaji mahali pakubwa, penye mchanga safi, pasipo na mtu.

Sasa, mtu wa hapa anajua mahali hapo ni wapi, na anajua ni lini. Ndagala wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwadanganyi, na ziwa lote linapumzika. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, wanaume wanashona nyavu na kufua mashati yao, na viwanja vya kuanika samaki vinabaki vitupu, mchanga wake umechanwa na reki mpaka unang'aa. Hizo tunaziita wiki za mwezi. Na uwanja mzuri kuliko vyote ni wa Kadidja.

Kadidja ni mfanyabiashara wa ndagala, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa bila simu. Tulipofika mchana ule, Mwalimu, mimi, Schékinah na watoto wengine wachache waliokuwa na shida hiyo hiyo, alikuwa ameketi juu ya kreti anakula karanga.

"Weye Mwalimu! Hawa wote wanakuja kununua?"

"Wanakuja kuandika, Kadidja. Tuazime mchanga."

"Mchanga wangu ni daftari?"

"Mwezi huu, ndiyo."

"Na nyayo zao? Ndagala wangu akilala juu ya nyayo ya mutoto, nani atamununua?"

"Watauchana kwa reki wenyewe kabla hawajaondoka."

Kadidja akatafuna. "Mutoto mumoja akikojoa hapa," akasema, "nawaanika nyinyi wote."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Mwalimu akamwagia mchanga maji kwa ndoo yangu, akachora herufi moja kubwa kama mkeka. Watoto wakaitembea kwa miguu mitupu, wakiitamka sauti yake kwa kila hatua. Halafu wakaichora kwa mkono mzima, kuanzia begani, halafu kwa kidole, halafu mgongoni mwa mwenzao, na mwenzao abashiri. Kwa b na d, ambazo zilikuwa zinamtesa Schékinah kuliko zote, Mwalimu alichora mtumbwi unaoelekea kushoto. Fimbo ya b ni mtu amesimama mbele ya mtumbwi. Fimbo ya d ni mtu amekaa nyuma, kwenye mota. Siku nzima Schékinah alipita akituuliza, "Nani yuko kwenye mota?" na sisi tunajibu, "D!"

Mchezo wa pili ulikuwa wa vishimo, kama ikibuguzo, lile bao wanalocheza wazee kwa mbegu. Ila hapa mtoto alishika kokwa za michikichi, akataja neno, na kwa kila kipande cha neno akadondosha kokwa moja kwenye kishimo chake. Ma. We. Se. Kwanza sikio, hakuna herufi kabisa. Nilikuwa sijui kwamba binti yangu hajawahi kusikia neno likikatika. Yeye alikuwa analisikia zima, kama jiwe. Mara ya kwanza alipolisikia likivunjika vipande, alinitazama kana kwamba nilikuwa nimemficha siri hiyo.

Wiki za mwezi zilizofuata, Yonasi akaja kutoka Kabonga. Huja kila mara ziwa likipumzika, kwa sababu ndipo mota zinaporekebishwa, na hulala kwa dada yake. Ni mrefu, mpole, mikono yake haitoki grisi. Alisimama pembeni akaangalia watoto wakipanga vifuniko vya chupa za soda ambavyo Mwalimu alikuwa ameviandika silabi kwa rangi ya mtumbwi. Kesho yake alikuja na sumaku alizozitoa kwenye spika za redio mbovu, kila moja imefungwa kwenye uzi na kijiti. Akamwaga vifuniko kwenye beseni la Kadidja.

"Vueni," akasema.

Nilidhani watoto wataruka mpaka ziwani. Mwalimu anaita silabi, mtoto anashusha sumaku, anatafuta, anavua. Ukivua isiyo yenyewe unairudisha, hakuna anayekucheka, kwa sababu kila mvuvi hurudisha samaki. Vifuniko vyako ukivipanga vikawa neno, umeshiba. Kadidja mwenyewe alisogeza kreti lake karibu, akaanza kununua.

"Schékinah, niuzie sa!"

"Hii hapa, Mama Kadidja."

"Niuzie bu. Sasa niuzie ni. Nimepata nini?"

Midomo ya Schékinah ikatembea. Vidole vyake vikadondosha kokwa zisizokuwepo. "Sa... bu... ni. Sabuni!"

"Sabuni! Na iko na povu!" Kadidja akapiga makofi, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakageuza vichwa.

Mmoja wao alikuwa Lukeba. Alikuwa ameketi hapo tangu mchana, akijifanya anatafuta tundu kwenye wavu ambao niliona kwa macho yangu hauna tundu. Akasogea. Watoto wakamdai acheze. Akapewa kijiti, akavua, na Schékinah akamshinda, kwa sababu mikono ya baba ilizoea nyavu nzito na sumaku ile ilihitaji mkono wa taratibu.

"Mwizi huyu!" Lukeba akasema akicheka. Akamgeukia Yonasi, ambaye anamheshimu sana. "Fundi, weye ni mutu wa kusoma, uniambie ukweli. Mutoto anacheza, sawa, iko muzuri. Lakini kwa kusoma atafika?"

Yonasi aliokota kifuniko kimoja, akakigeuza, akakirudisha kwenye beseni.

"Mimi siyo mtu wa kusoma, Baba Schékinah."

"Acha mizaha. Ni miye ndiyo nakusomeaga mesaji za simu, kwa sababu unasemaga petroli iliharibu macho yako..."

Akageuka kumtazama Yonasi machoni.

"Macho yangu hayajawahi kuwa na petroli," Yonasi akasema.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Nikitazama maneno ni kama ndagala taa ikizimwa. Yanatawanyika. Nilichapwa ili yatulie, hayakutulia. Nikakimbia." Akamtazama Schékinah, aliyekuwa anawaibia wenzake vifuniko. "Huyu hakimbii. Angalia."

Lukeba aliweka kijiti chini. Halafu uso wake ukafunguka. "Kumbe miye ni sekreteri yako! Tena bila mushahara!"

Wakacheka wote wawili, na Mwalimu Kezia akacheka kuliko wote, ingawa nilimwona akipangusa macho kwa mkono wenye rangi. Lakini jioni, nilipomuuliza Lukeba habari ya Kigwena, alisema, "Tutaona kwa proklamasiyo," yaani siku ya kutangaza matokeo. Neno lake lilikuwa bado limesimama, na mama yangu alikuwa ameshatuma salamu kwamba ameandaa kitanda.

Mwezi ulikua na kupungua, na sisi tulikwenda nao. Nyumbani nilianzisha mchezo kila siku wakati maharage yanachemka, muda mfupi tu, maana nilijifunza kwamba tukivuka hapo anachoka na sote tunalia. Kulikuwa na siku mbaya. Kuna siku alimwaga vifuniko vyote kwenye jivu akasema hataki tena. Nikavikusanya, nikavisafisha; kesho yake akaniuliza viko wapi. Darasani Mwalimu alimweka karibu naye, hakumsimamisha kusoma mbele ya wenzake, na somo la mazingira alimuuliza kwa mdomo. Alijibu yote, akaongeza ya kiboko.

Siku ya proklamasiyo wazazi tulijaa uwanjani mwa shule na nguo zetu nzuri. Lukeba alivaa lile shati, nilikuwa nimeshalishona. Direkta akaita majina ya waliopanda, darasa kwa darasa, na kila jina linapigiwa makofi. Alipofika mwaka wa tatu nikashika mkono wa Schékinah. Majina yakapita. Yakaendelea kupita. Direkta akafunua karatasi nyingine, akaanza mwaka wa nne.

Mwalimu Kezia alikuja na buletini mkononi, na hatukumsikia akija. Hakucheka. Alinipa, lakini Schékinah aliichukua kabla yangu, akaifungua. Chini kabisa kulikuwa na neno moja la wino mwekundu. Lukeba akainama amnyang'anye, ili neno lile lisimwumize mtoto. Mtoto akamgeuzia mgongo. Nikaona vidole vyake vinaanza kudondosha kokwa kwenye paja.

"A," akasema. "Su. Bi." Akasimama. Akarudi nyuma. "Asubi... re... mwo. Asubiremwo!" Yaani arudie mwaka. Akaruka juu. "Mama! Nimesoma! Imeandikwa *asubiremwo*! Papa, hakuna mtu aliyeniambia, nimesoma mimi mwenyewe!"

Mama mmoja aliyesimama karibu nasi akasikitika. "Masikini, hajui kama amefeli."

"Najua," Schékinah akamjibu, bado anaruka. "Lakini nimelisoma!"

Mimi sikumtazama mtoto. Nilimtazama Lukeba. Alisimama na mikono yake mikubwa ikining'inia, midomo inatafuta neno, kama zile siku za Kirundi tupu. Halafu akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu. Mwaka unaokuja uko wapi? Bado ni mwaka wa tatu?"

"Bado, Baba Schékinah."

"Wasikuhamishe."

"Hawanihamishi."

"Basi nakurudishia mutoto. Harudilii, anaendelea mahali aliachia." Akatanua mikono kama anayepima. "Na lile beseni la Kadidja ni dogo. Miye nitaleta kubwa."

Hapo ndipo kicheko cha Mwalimu Kezia kilipotoka, kile chenyewe, mpaka Direkta akanyamaza kwenye mwaka wa tano akangoja kiishe.

Wiki ile ile Lukeba alikwenda Kigwena kumwambia mama yangu mwenyewe kwamba mtoto haji. Alirudi na gunia la kokwa za michikichi kichwani, kwa ajili ya vishimo vya kwenye mchanga, na maneno ya mama yangu nyuma yake, ambayo aliyaleta yote bila kupunguza: "Nilingojea mjukuu, hamkumleta. Sasa mnanichukulia hata kokwa? Mwambie huyo mwalimu na yeye aje aniletee herufi, nimekaa bure."

Mwalimu Kezia alipoyasikia aliuliza tu basi la Kigwena linaondoka siku gani. Kipande cha chaki kilikuwa bado kwenye nywele zake.